Paluku, Jina Nililokunyima

Paluku, mjukuu wangu,

Nimeanza na jina lako kabla ya salamu, kwa sababu ulipokuwa hai sikulitamka hata mara moja.

Mama yako amejifungua tena juma hili. Ni mvulana. Ametimiza miezi yake yote, ana mashavu, na analia mpaka majirani wa mtaa wetu wa Mapendo wanalalamika. Nilipomsikia nilikukumbuka wewe, maana wewe hukulia hivyo. Ulizaliwa mimba ikiwa ya miezi saba, ukatoa sauti ndogo kama mlango unaofunguliwa polepole, wakakuchukua mbio na kukulaza ndani ya kuvezi, ile mashine ya kuwapa joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati.

Nitakueleza jambo ambalo ungelijua bila kufundishwa kama ungekua. Kwetu Wanande, mtoto wa kiume wa kwanza huitwa Paluku, na wa pili Kambale. Jina hilo halichaguliwi. Mtoto huja nalo. Kazi ya babu ni kulitamka tu, nyumba nzima ifuate. Baba yako alikuwa mpakani Bunagana akingoja mizigo yake forodhani. Alinipigia simu akipiga kelele: "Papa, ni kijana? Basi ni Paluku!" Nikamjibu, "Ngoja kwanza atoke kwenye mashine." Akakubali. Mwanangu hajawahi kubishana nami, na nilikuwa nikijisifu kwa hilo.

Nilijiambia kwamba ninalitunza jina. Paluku ndiye mkubwa wa nyumba. Tukimpa huyu ambaye hata kupumua kunamshinda, naye akaondoka nalo, tutabaki na nini? Hayo yalikuwa maneno ya mdomoni. Niliogopa, Paluku. Niliona jinsi kifua chako kilivyobonyea kati ya mbavu kila ulipovuta pumzi, nikaona heri nisikujue sana.

Juu ya kuvezi waliandika "Mtoto wa Kavira", kwa jina la mama yako. Yeye alikaa kando yako akikamua maziwa, na muuguzi akayapitisha tone kwa tone katika mpira mwembamba wa puani. Ukaongezeka uzito kidogo. Kisha mapafu yako yakaugua, ukawekewa oksijeni, na mama yako mwenyewe akashikwa na homa. Siku hiyo umeme ulikatika, jenereta ikakawia kuwaka. Muuguzi akatoka mlangoni, akaniona kwenye benchi na koti langu na tai.

"Muzee, kuya. Mutoto anapoa na mama yake ana homa. Utamubeba kifuani."

Nilimwambia kwamba mimi ni mwanamume. Akajibu, "Mutoto hajui mwanaume wala mwanamuke, anajua joto. Na utoe ile kravati, Muzee, hapa hatuko ku masomo."

Wanawake waliokuwa na watoto wao walicheka. Nilivua shati mbele yao. Muuguzi akakulaza kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, akatufunga pamoja kwa kitenge cha mama yako. Ulikuwa na kofia ya sufu iliyokufunika mpaka nyusi. Vidole vyako vikashika nywele nyeupe za kifua changu, visiachie. Polepole pumzi zako zikaanza kufuata zangu. Nilikaa hivyo mpaka alasiri, nikijizuia hata kukohoa. Muuguzi alipopita aliuliza, "Na huyu bwana mukubwa anaitwa nani?"

Nikasema, "Bado."

Ulikuwa juu ya moyo wangu, na nikasema bado.

Nilikuwa mwalimu maisha yangu yote. Kila asubuhi niliita majina ya watoto wa watu, mmoja mmoja, na ole wake aliyechelewa kuitika. Wewe ulikuwapo, ukingoja kuitwa.

Jumapili asubuhi pumzi zako zilianza kukatika. Padri alikuwa mbali. Muuguzi akachota maji katika kikombe ili akubatize, akauliza, "Jina?" Mama yako aliinua kichwa. Alinitazama mimi. Jina alilijua, hata mpita njia angelijua, lakini alinipa heshima ya kulisema. Na mimi... Niliona kwamba nikilitamka nitakuwa nimekuzika. Muuguzi hakuweza kungoja zaidi. Akasema, "Mutoto, mimi ninakubatiza." Maji yakapita kwenye paji la uso wako, ukakunja uso kidogo, kama mtu aliyeamshwa. Ulikufa kabla hayajakauka.

Tulikuzika kwenye makaburi ya upande wa Lac Vert. Kwenye msalaba seremala aliandika kwa rangi neno "Mtoto". Tangu hapo mama yako hunisalimu vizuri na huniwekea chakula, lakini hakai nilipo.

Na sasa amezaliwa huyu. Jamaa waliokuja kumwona walikwisha kumwita Paluku; walisema mtoto ambaye hakupewa jina hahesabiwi. Wazo hilo walilitoa wapi, kama si kwangu? Baba yako akauliza, "Papa, tumuite nani?" Mama yako akageukia ukuta. Nilielewa. Kama huyu ni Paluku, basi wewe hukuwahi kuwako.

Nikasimama, nikavua kofia. "Huyu ni Kambale," nikasema. "Paluku amemtangulia."

Mama yako hakugeuka mara moja. Alisema, "Aksanti, Papa," akiutazama ukuta, kisha akageuka na kuninyooshea mdogo wako nimpokee. Nilifungua vifungo vya shati mwenyewe, ingawa huyu hahitaji joto langu.

Sikuandikii ili unisamehe. Neno nililolisema juu ya mtoto mwenye afya haliondoi kimya changu mbele ya kile kikombe. Lakini mji huu umejaa Wanande wenzetu wa Butembo na Beni. Popote Kambale atakapotaja jina lake, sokoni au shuleni, watamwuliza, "Na Paluku wenu yuko wapi?" Ninakuahidi kwamba atajua la kujibu.

Kesho ninakwenda Lac Vert na rangi na burashi. Nitalifuta neno lililo pale, niandike jina lako. Kisha nitaliita kwa sauti, kama nilivyokuwa nikiita darasani, na mahali pako nitaitika mimi.

Lala, Paluku.

Babu yako