Pale Maji Yalipopinda

Jumatatu, 4 Novemba

Katekisimu alasiri. Watoto wamekuja na matope hadi magotini. Nimeuliza kama kila wiki: neema ni nini? Wote kwa sauti moja: ni zawadi ya bure ya Mungu, inakuja kabla hatujaiomba. Wanaliimba jibu kama hesabu za kuzidisha. Mimi nimeridhika, maana Padri akipita dirishani atasikia kwamba wanajua.

Benchi la pili lina nafasi. Hakuna anayekaa pale. Aline ndiye aliyekuwa na maswali. Mara ya mwisho aliuliza: "Na kama mutu hataki hiyo zawadi?" Nikamjibu, nani mjinga wa kukataa cha bure? Darasa zima likacheka isipokuwa yeye. Jumamosi yake mvua ikaporomosha kilima. Nyumba yao ikaenda na udongo, Aline akiwa ndani, mama yake akiwa ametoka. Yetu iko juu kidogo ya pale. Haikupata hata ufa.

Maman Aline analala sebuleni kwetu tangu mazishi. Mume wake alikwenda kuchimba dhahabu Kamituga, akapotelea huko. Hana mwingine mjini hapa.

Papa Ghislain, mume wangu, ameomba Misa ya shukrani siku ya Kristo Mfalme. Kitenge tayari kipo, cha bluu, familia yote sare. Ushuhuda nitautoa mimi, kwa sababu ndimi katekista na mdomo wangu haujawahi kukosa neno. Sasa umekosa. Nitashukuru vipi kwa kupona, mbele ya huyu mama?

Jumatano, 6 Novemba

Shirika, jumuiya yetu ndogo ya kanisa, limesali kwetu leo, jirani wote wa kilima, viti vya kuazima hadi uani. Kila aliyesimama alisema lile lile: Mungu aliyapindisha maji kwa mkono wake, neema imeitembelea nyumba hii. Maman Aline alikuwa anawagawia chai. Hakuna aliyeona haya. Niliona haya kwa niaba yao wote.

Na lile jina. Kila tukimwita, tunamtaja mtoto. Maman Aline, sukari. Maman Aline, kikombe kingine. Tumwite nani sasa? Sikuthubutu kumuuliza.

Cherehani yake ilitolewa kwenye matope, akaisafisha na kuitia mafuta, inafanya kazi. Anataka kutushonea sare za shukrani. Nimekataa. Niliporudi kutoka sokoni alikuwa ameshakata kitambaa.

Halafu maharagwe. Chumvi nyingi tena. Nimemwambia waziwazi, anaweza kupika kwangu lakini asituue.

Ijumaa, 8 Novemba

Maman Aline amechukua vipimo. Mwanangu Ghislain alicheka kwa kutekenywa. Binti yangu Esther aliposimama, utepe ulibaki begani kwake muda mrefu. Esther na Aline walikuwa kimo kimoja, walikuwa wakiazimana viatu. Nilikwenda jikoni kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, ambayo ilikuwa imeshatwangwa.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua kubwa baada ya Misa. Nilisimama mlangoni nikiangalia maji yanavyoshuka kutoka juu. Yanafika kwenye kona ya uwanja wetu, yanagonga mifuko ya mchanga, yanapinda, yanashuka moja kwa moja pale ilipokuwa nyumba ya Maman Aline.

Nimeangalia hadi mvua ilipokwisha.

Mifuko ile tuliijaza sisi, Jumamosi ile ile. Papa Ghislain na koleo, mimi nikishika midomo ya mifuko. Maji yalikuwa yameanza kuingia jikoni. Tulipoweka mfuko wa mwisho yakapinda, nami nikasema kwa sauti, Mungu asifiwe. Nakumbuka nilivyofurahi. Hatukuwa tumemaliza hata kunawa mikono tuliposikia udongo ukiporomoka.

Kwa nini sikuona hadi leo? Nilikuwa na macho yale yale.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimemwambia Papa Ghislain. Amekasirika kama mtu aliyekuwa anangojea kuambiwa. "Kila mutu hapa anajikinga. Watu ya juu wanatuma maji kwetu, sisi tunatuma chini. Ulitaka watoto yako wakufe?" Halafu akasema kilima kilikuwa na nyufa tangu zamani. Ni kweli. Mvua ilikuwa ya ajabu. Ni kweli. Kila alichosema ni kweli na hakuna kilichonisaidia.

Naandika ili nione vizuri. Kama ni Mungu aliyetuokoa, basi ni yeye aliyeyatuma maji kwa Aline. Kama ni mifuko iliyotuokoa, basi tuliyatuma sisi. Nichague sentensi gani ya kusema kwenye mikrofoni? Ya kwanza siiamini. Ya pili siiwezi.

Katekisimu nimewafundisha wimbo tu. Sikuuliza swali.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimeungama. Foleni ilikuwa ndefu na Padri alikuwa na mafua. Alinisikiliza vizuri, sina la kumlaumu. Akasema sikukusudia, na kwamba Kristo amelipa hata yale ambayo hatujui kuyahesabu. Kitubio: fungu moja la rozari.

Fungu moja. Wale wanaosengenya wanapewa matatu.

Nililelewa na mama wa Luvungi, shambani, ambako mkono mtupu haulambwi. Usipolima huli. Ukiharibu unatengeneza. Ningepewa kazi ngumu ningeifanya kwa furaha. Nimetoka kanisani nikiwa nimesamehewa, na nikaogopa kurudi nyumbani kwangu.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimejaribu gauni. Limenikaa vizuri kuliko gauni lolote nililowahi kuvaa. Nimesema linabana ili nilivue haraka.

Jumanne, 19 Novemba

Nimemwambia.

Alikuwa amepiga magoti anapima upindo wa gauni langu, pini mdomoni. Nimesema yote bila kupumua: mifuko, kona, maji. Alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. Nitaandika alivyosema, nisije nikayarekebisha baadaye.

"Najua. Ile siku nilikuwa ku dirisha, nikaona munajaza masaki. Nikasema, na mie nitafute yangu. Nikapanda kuomba masaki kwa watu ya juu. Nikamuambia Aline abaki ndani, asiloane."

Kwa hiyo ndiko alikokuwa. Kwetu hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nikamwambia, umejua muda wote huu na unakula mezani kwangu? Nilisema kwa ukali, Mungu anisamehe, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

"Wiki ya kwanza nilikuwa nakula bugali yako na kukuchukia. Nilichoka. Nikamuachia Yesu, yeye iko na mabega. Siku zingine inarudi. Ikirudi, nashona." Akaniambia nisimame wima, upindo unakwenda upande.

Nilisimama wima.

Jumatano, 20 Novemba

Sikulala vizuri. Nina hasira na sijui ni ya nani. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumwomba msamaha, maneno mazuri, nimeyafanyia mazoezi tangu kwa Padri. Hakuyahitaji. Alikuwa ameshanisamehe nikiwa namfokea kuhusu chumvi. Nikiwa nakoroma chumba cha pili. Mtu anawezaje kufanya hivyo bila kuombwa? Ni kama kukuta umefuliwa nguo zako za ndani na mgeni.

Siwezi kula anachopika. Nasema tumbo linanisumbua.

Ijumaa, 22 Novemba

Papa Ghislain hakuenda kazini. Nilikuwa nimemwambia aliyosema Maman Aline. Asubuhi akachukua jembe, akaondoa mifuko yote, akaanza kuchimba mfereji kuvuka uwanja wetu hadi kwenye mtaro wa barabara. Amekata bustani yangu ya mchicha wa lenga-lenga katikati. Amepitisha karibu kabisa na jiko letu, kwa sababu njia nyingine hakuna. Mvua ikizidi, maji yataingia kwetu kwanza.

Jirani walipita wakamcheka, wakamwambia anakaribisha mafuriko nyumbani. Mchana Maman Aline alimpelekea maji ya kunywa. Alipokea kikombe kwa mikono miwili, kama mtoto anavyopokea kutoka kwa mkubwa.

Mimi bado sijala chakula chake.

Jumapili, 24 Novemba

Kristo Mfalme. Tulipokuwa tunatoka nyumbani, Maman Aline alitokea sebuleni amevaa kitenge kile kile cha bluu. Alikuwa amejishonea blauzi kutoka kwenye mabaki, vipande vimeungwa mgongoni, huwezi kuona usipokaribia. Alijipanga nasi kwenye maandamano ya matoleo, akibeba nanasi. Yeye anashukuru nini? Sikumuuliza. Niliogopa kwamba ana jibu.

Kwenye mikrofoni karatasi yangu nilikuwa nayo. Sikuisoma. Nilisema maji yalipindishwa na sisi. Nilitaja jina la Aline. Nilisema mama yake alijua, akatusamehe kabla hatujaomba, na kwamba mimi, katekista, sielewi. Basi. Nilikaa.

Kwaya ilianza wimbo kabla ya wakati wake. Papa Ghislain alikuwa anaangalia viatu. Maman Aline alininyooshea kola ya gauni, ilikuwa imejikunja.

Jumatatu, 25 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Mfereji umejaa, maji yamefika hadi kwenye ngazi ya jiko na kuingia kidogo. Tumefagia sisi watatu. Chini, kwenye kiwanja cha Maman Aline, udongo umetulia.

Katekisimu alasiri. Niliuliza tena: neema ni nini? Waliimba jibu lao. Halafu Esther akaenda mwenyewe kukaa benchi la pili, na mwingine akamfuata. Nimewaacha.

Aline, uliuliza kama mtu anaweza kukataa. Nilifanya watu wakucheke. Anaweza.

Jioni Maman Aline alipakua bugali na maharagwe, akaweka sahani yangu mahali pake kama siku zote hizi ambazo sikuila. Niliketi. Chumvi ilikuwa nyingi. Nimemaliza yote.