Shahidi wa Baba Mdogo

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mgongo unaendeleaje? Na yule ng'ombe, ameshazaa? Mimi ni mzima, ila hasira. Tangu mdogo wangu Wanjiru anipigie simu juu ya mambo ya baba mdogo, hata chakula hakishuki.

Ati anatangaza Molo nzima kwamba jiwe la mpaka, lile alilolichimbia marehemu baba mbele ya wazee, limetembea lenyewe likaingia shambani kwetu, na ati sasa mpaka ndio hapo? Na ati shahidi wake ni mimi! Ngai! Mtu aliyenicheka mbele ya wageni, "Msichana anaenda ng'ambo kusomea mawe, kwani ya Molo yameisha?" Leo ananiita daktari wetu.

Ni kweli mawe hutembea, Mama. Ndiyo kazi yangu. Huku kuna kilima chenye mistari ya mawe, na watu walidhani yalipangwa na watu wa kale. Nimeshinda huko na gambuti miguuni, mvua ikinichapa, nikichimba na kupima hadi vidole vikafa ganzi. Nikaonyesha ni baridi ya enzi ya barafu: udongo uliganda, ukavimba, ukayeyuka, na kila mara mawe yakasogea kidogo, kwa maelfu ya miaka. Sakitu ya Molo, huo umande unaoganda usiku, inachoma majani ya viazi tu, na kabla ya chai ya saa nne imeshayeyuka; haiwezi kusogeza jiwe.

Hicho kipande cha shamba letu anachokitaka ndicho kilichotoa viazi vilivyonisomesha. Kwa hivyo mchungaji asije kukuambia usamehe. Mimi sijasamehe na sina mpango huo. Nataka aaibike mpaka akose pa kuangalia.

Jumamosi chifu akiwaita kwa kesi ya mpaka, usibishane na baba mdogo hata kidogo. Mpe kiti. Acha anisifu, apige kifua, aseme mbele ya watu wote kwamba nikisema mimi, imeisha. Akimaliza tu, Wanjiru anipigie, aweke simu sauti ya juu.

Msalimie Wanjiru, na shosho nyanya yangu pia, mwambie sweta aliyonifumia ndiyo inaniokoa huku. Baba mdogo usimpe salamu zangu. Nitampa mwenyewe. Mawe yote niliyopima, Mama, yaliteremka. Shamba lake liko chini, letu liko juu. Nitamuuliza swali moja tu: hilo jiwe lilipanda mlima likibebwa na nani?

Ni mimi mwanao,
Nyambura