Laini Ilikatwa Nyumbani Kwangu

Mwalimu Kirimi,

Nisamehe mwandiko, naandikia kitandani. Daktari wa Meru hakunificha kitu, na tangu aniambie nimekuwa na hasira, si na ugonjwa, bali na simu. Simu, mwalimu. Na mimi mwenyewe.

Unaikumbuka wiki ile ya somo la intaneti, lililokuwa lirushwe kwa shule nyingi kwa pamoja. Waandalizi walituma karatasi mbili za maagizo: kompyuta iwe na programu ya kuonyeshea picha, programu yenyewe ivutwe kutoka intaneti kwa laini ya simu, kila kitu kijaribiwe siku moja kabla. Mwishoni mwa somo lingeulizwa swali, na wanafunzi wa kila shule wangelijibu kwa picha na kanda ya sauti ili waingie mashindanoni. Nkatha na wenzake wa kidato cha tatu walikuwa wamekwisha kupiga picha za ngano ya Timau iliyochomwa na baridi. Walichokosa ni lile swali tu.

Ulikuja ofisini kwangu, mimi mwalimu mkuu wako, ukasimama mlangoni. "Madam, nakuomba, wiki hii simu isiguswe kuanzia saa nane mchana. Ikiinuliwa tu, intaneti inakatika na kuvuta programu kunaanza upya."

Nilikubali. Kisha nikaenda nyumbani kujiandaa kwa namna yangu. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mgeni wa heshima, na sikuwa na hakika ya hema, wala ya mbuzi, wala kama angekuja na mkewe. Nikainua simu ya nyumbani. Nilisikia mkwaruzo kama mahindi yanakaangwa. Nikaweka mkonga, nikainua tena, mpaka laini ikawa huru. Nikafurahi. Siku tatu nilifanya hivyo.

Kwa muda mrefu nimejiambia kwamba nilidhani ulisema ya ofisini tu. Si kweli. Nilijua ya ofisini na ya nyumbani ni laini moja. Sikuamini tu kwamba kitu chako kingeweza kuwa na maana kubwa kuliko hema.

Siku ya somo wasichana walijipanga kwenye maabara wakiwa wamepiga pasi sketi zao. Kioo cha kompyuta kikabaki cheusi, programu haikuwahi kuvutwa ikaisha. Mwenyekiti akauliza kama televisheni ya mwalimu imelala, wageni wakacheka. Ukawageukia wasichana, si wageni. "Kosa ni langu. Sikujiandaa vya kutosha." Nkatha akainamisha kichwa. Nami, Mungu anisamehe, nikasimama nikahutubia juu ya umuhimu wa maandalizi. Baadaye tukala mbuzi.

Jioni hiyo ulinionyesha daftari ulimoandika saa ambazo laini ilikatika. Jumatatu saa tisa na robo: nilikuwa nikiulizia hema. Jumanne saa kumi kasorobo: nilimpigia mchinjaji. Jumatano sikuisoma, nilishaelewa. Ukaniuliza kama huenda ni nguzo ya simu iliyoharibika. Nikasema huenda.

Huenda! Jumamosi nzima ulifuata waya kwa miguu hadi barabara kuu ya Timau, ukitazama nguzo moja moja. Ulirudi na matope magotini ukaniambia hukuona kasoro yoyote. Nikakumiminia chai.

Mwaka uliofuata kifua kikakuchukua. Nilisoma wasifu wako kaburini kwa sauti safi, na hata pale sikusema. Juzi mjane wako, Mama Mwenda, alinitembelea hapa Ruiri nilikostaafia, na maziwa ya mgando. Ananiambia walimu bado wanataniana mtu akishindwa na mashine: "Usituletee mambo ya Kirimi." Alicheka alipoyasema, lakini hakunitazama. Mwenda alikuwa amekaa pembeni yake, akisikia jina la baba yake likifanywa mzaha.

Nilitaka kumwambia. Nikamsifia maziwa.

Leo asubuhi nimemwomba mwalimu mkuu wa sasa aniruhusu nizungumze siku ya wazazi, Ijumaa. Amefurahi, amesema wataniandalia kiti mbele. Anadhani nakuja kuwaaga. Mama Mwenda na Mwenda watakuwepo, nimewaalika. Nisipofika, binti yangu atawasomea barua hii bila kuruka neno, ameniapia.

Pumzika, Kirimi. Sikuombi unisamehe kabla ya Ijumaa.

Mimi,
Madam