Kiwiko cha Mama Watoto

Mama watoto,

Hapo kwa dada yako hamjambo? Mimi mzima, au ndivyo nilivyodhani. Mlango wa jikoni nimeutengeneza, haulii tena. Majuzi nilisinzia kwenye cherehani nikaushona mfuko wa suruali ya mwalimu mkuu, mdomo ukaziba kabisa. Alicheka, ila suruali yake akaondoka nayo.

Basi nikaenda hospitali. Walinilaza usiku mmoja na nyaya kichwani. Daktari anasema si kukoroma tu: nikilala pumzi hukatika, mara thelathini kwa saa. Ipo mashine ya kunisukumia hewa puani, lakini zamu yangu ni mwezi ujao.

Akaniuliza, "Miaka yote hii nani alikuwa anakuamsha?"

Nilikumbuka kiwiko chako mbavuni, na nilivyokufokea kwamba unaninyima usingizi makusudi, mpaka ukafunga virago.

Siku hizi nalala nimekaa kitini, maana kitanda nakiogopa. Ubavu wangu wa kushoto uko pale pale. Ukija, usiuonee huruma.

Ni mimi,
fundi wako mkaidi