Kicheko Nilichokitoa Nje ya Ukumbi

Shangazi yangu mpendwa,

Nakushika miguu. Ungekuwa hapa ungenipa mkono niubusu, kisha ungeniuliza kama nimekula kabla ya kuniuliza lolote jingine. Sijui kama leo ungenipa huo mkono.

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu nilikuvunjia heshima mbele ya watu. Barua ya siri ingekuwa nafuu kwangu, si kwako. Jina lako sitalitaja, na nitayaeleza yale tu ambayo wanaume wa mji huu wamekwisha kuyaona kwenye simu zao. Mengine ni yetu wanawake na yatabaki yetu.

Wakumbuka uliponifanya mlinzi? Siku za kupamba, wanawake peke yao ukumbini, bibi harusi akiwa amekwisha kuketi na dhahabu zake, uliniweka mlangoni mwa ukumbi na kikapu cha ukili nikusanye simu. "Asiyetoa simu haingii," uliniambia, "hata akiwa mamake bwana harusi." Nami nilikuwa mkali kuliko ulivyotaka. Wanawake walininunia, wakatoa simu, wakavua mabuibui, wakaingia wakiwa watu wengine kabisa. Nilijua nalinda nini. Mle ndani ndimo mahali pekee ambapo mama zangu walicheka bila kuziba midomo.

Sahani zikishaondolewa walianza kukupigia makofi, nawe ukajifanya hutaki.

"Mgongo waniuma leo, mashoga zangu."

"Mgongo upi? Wa kuinua sufuria au wa kutuchekesha?"

Ulikuwa ukipotea nyuma ya pazia, na aliyerudi hakuwa wewe. Alikuwa mwanamume mwenye kanzu, kofia na bakora. Alisimama nje ya mlango usiokuwepo, akakohoa mara tatu, akangoja macho yakiwa chini, ndipo akaingia. Akaenda moja kwa moja kwenye sufuria. Akafunua, akanusa, akakunja uso.

"Hiki kimepikwa ni nani?"

Katika nyumba yenye mwanamke mmoja tu! Na ukumbi mzima ukamjibu kwa sauti moja: "Ni jini!"

Kila mtu alijua ni mumeo. Hakuna aliyemtaja. Nilipokuuliza ulijifunza wapi kumwiga namna ile, ulikuwa ukikunja ile kanzu kwa uangalifu, kola juu, na hukuniangalia. "Simwigi, mwanangu. Naishi naye. Nikivaa nguo yake yuwaja mwenyewe."

Nilipomaliza chuo kikuu na kuanza kutafuta shule za uigizaji, ni kwako nilikokuja kuzisoma. Tuliketi jikoni kwako Kibokoni, wewe ukichambua mchele, mimi nikikusomea masharti ya shule kubwa za London, za Johannesburg, na ile ya Nairobi. Nilikueleza kwamba zile zinazosifiwa zaidi huwakataa wengi kuliko wanaopokewa, na kwamba mwaka wa kwanza mzima mtu hufundishwa kusimama, kutembea na kupumua.

"Kupumua?" ukauliza. "Na waliokuja bila kupumua walifikaje?"

Ulicheka hadi mchele ukamwagika. Lakini baba alipokataa, ni wewe uliyekuja kwetu baada ya Alasiri, ukaketi mbele yake bila hata kuvua viatu vizuri. "Ndugu yangu," ulimwambia, "huyu mtoto hatoroki, yuwaenda kusoma. Mwenye kutaka uhuni hahitaji kupanda gari moshi hadi Nairobi. Upo hapa hapa." Baba aliuliza nitakaa kwa nani huko. Nikajua umenishindia.

Shule ile ilitaka vipande vitatu kwenye usaili: kimoja cha zamani, kimoja cha sasa, na cha tatu "kitu cha kwenu ambacho hakijaandikwa popote." Kwa hicho cha tatu nilikuwa nimejiandaa kughani mashairi ya bibi. Nilianza. Mbele yangu walikuwa wanaume wawili na mwanamke mmoja, na kamera juu ya miguu yake mitatu. Ubeti wa pili niliona mmoja wa wale wanaume akitazama dirishani. Shangazi, naomba uniamini kwamba sikupanga. Lakini naomba pia usiniamini sana, kwa sababu mwili wangu ulikuwa tayari. Nilinyamaza, nikageuka nyuma, nikakohoa mara tatu.

Aliyekuwa akitazama dirishani akanitazama mimi.

Nilikwenda kwenye sufuria. Nilinusa. Niliwafundisha wao watatu kujibu "Ni jini!" na walijibu, wanaume kwa mwanamke, wakipiga meza. Sijawahi kusikia furaha kama ile mwilini mwangu. Nilipomaliza, yule mama alifuta machozi ya kicheko, akauliza, "Umeitoa wapi hii?"

"Nimeibuni mwenyewe," nikasema.

Hakunishika mtu koo. Ningeweza kusema, "Ni ya shangazi yangu." Maneno yenyewe ni manne.

Wiki ile ile waliniuliza kama wanaweza kuweka kipande kifupi kwenye ukurasa wao, nikasema ndiyo kabla hawajamaliza kuuliza. Nilifikiri juu ya uso wangu tu. Mimi, niliyewanyang'anya simu wanawake watu wazima mlangoni, sikuona kwamba nimetoka na ukumbi mzima ndani ya ngozi yangu, nikaumwaga mbele ya kila mwenye simu.

Mama ndiye aliyenieleza yaliyofuata. Kipande kilifika hadi mtaani kwenu, na kila mtu akakitambua kikohozi cha mumeo. Ulikuwa unapita kwenye ule uchochoro unaoupita tangu uolewe, na kijana mmoja mbele ya duka akakukoholea. Mara tatu. Kisha akakuuliza, "Mama, leo kimepikwa ni nani?" na barazani wakaangua kicheko. Ulirudi nyumbani bila ulichokwenda kununua. Siku chache baadaye ukaenda Lamu kwa binti yako, na simu zangu hazipokelewi. Mama hakunifokea. Alisema tu, "Umetuvua nguo, mwanangu," akakata.

Nilirudi Mombasa kumwangukia mumeo. Nilimkuta ameketi nje, kwenye ngazi, mlango ukiwa wazi nyuma yake. Nilitaka anitukane. Alinisogezea mto niketi.

"Umekuja kwa gari moshi?"

"Naam."

"Ya mchana au ya usiku?"

"Ya mchana. Baba, nimekuja kukuomba radhi."

Aliigeuza bakora yake mkononi. "Unajua nakohoa kwa nini? Marehemu babangu alinifunza. Hata kwako, usiingie kama mwizi. Huenda mna wageni wanawake, wape nafasi wajisitiri. Miaka yote hiyo nalidhani ni heshima." Akageuka kuutazama mlango. "Sasa nikifika mlangoni sijui nikohoe au nisikohoe. Na ndani hamna mtu."

Nilikuwa nimefundishwa na wewe kumtazama mtu kwa makini, na nilimtazama mara ngapi, na sikuwahi kujiuliza kikohozi kile kilikuwa cha nini.

Ndipo nilipoona kosa langu lote. Mchezo wako una mwisho, Shangazi. Baada ya sufuria, baada ya vicheko, yule mwanamume hufanya jambo ambalo huufanya ukumbi ukae kimya, na nimewaona wanawake wakilia hapo. Mwisho ule sikuucheza. Wale watatu walikuwa wanacheka nami nilitaka waendelee kucheka, nikainama kwa heshima nikakomea hapo. Mumeo ameona dhihaka bila kuona mapenzi, naye amedhani hiyo ndiyo ndoa yake yote. Ulimi uliniwasha kumwambia, "Baba, kuna mwisho." Niliumeza. Sina haki ya kuutoa. Nimekwisha kutoa vya kutosha visivyo vyangu.

Shule imenipokea. Tena wamenitaka nikicheze kipande kile siku ya kuwakaribisha wanafunzi wapya. Nimewaandikia kwamba si changu, kwamba nilidanganya, kwamba sitakicheza tena na naomba wakiondoe. Wamekiondoa kwao, ingawa simu za watu sina uwezo nazo. Juu ya nafasi yangu wamesema nirudi na kipande kingine, ndipo waamue upya. Sina kipande kingine. Na bado naitaka ile shule. Nikifumba macho bado nasikia wale watatu wakicheka, na kabla ya aibu kufika, kuna kitu ndani yangu kinachofurahi. Hilo ndilo ninaloshindwa kulitazama.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba urudi kwako. Kuna mtu pale kwenye ngazi ambaye hajui kama alipendwa, na anayeweza kumjibu ni mmoja tu.

Baada ya Idi kuna kupamba kwa binti wa jirani yenu. Niliwasikia wanawake wakipanga, na nilipoingia waliacha kuzungumza, wakaanza kuuliza habari za safari. Shoga yako mmoja alinifuata hadi mlangoni, akaniambia kwa upole, bila kunung'unika, "Mwanangu, weye ukiwamo, hatutacheza." Nikamwambia sitakuwamo. Siku hiyo nitavuka Feri mapema, nikae Likoni kwa mamangu mdogo hadi shughuli iishe. Nimekwisha kumwambia, na bibi harusi nimempelekea udi wake pamoja na radhi zangu.

Kwa hiyo njoo, Shangazi. Ukumbi utakuwa na watu wako tu.

Wako aliyekutahayarisha,
mtoto wa ndugu yako