Namba Iliyokataa Saba

Jumatatu, 6 Agosti 1962
Ami Ghanim kaja Kisauni asubuhi, kanzu imepigwa pasi, uso hauna utulivu. Shamba la babu kule Likoni linagawanywa. Jumatatu ijayo, kwa Kadhi! Miaka yote tangu afe limekaa bila kugawanywa — sasa uhuru unakuja na kapata mnunuzi mwenye haraka. Anataka nithibitishe hesabu, maana mwalimu wa hisabati katika ukoo ni mimi. Karani wake keshaitoa: mafungu 1,235,520. Kila mrithi apate mafungu kamili, pasiwe na nusu wala robo. Wallahi nilifurahi! Namba kubwa hivi sijaishika tangu chuoni.

Jumanne, 7 Agosti
Namba tamu. Nane yaingia — thumni, ile sehemu ya nane, ya wajane wa baba na wa Ami Jamaludin. Kumi na moja yaingia: ndio sisi, watoto wa marehemu baba, wanaume wanne kwa mafungu mawili mawili, wanawake watatu kwa moja moja. Kumi na tatu yaingia: watoto wa marehemu Ami Jamaludin. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Saba haiingii. Inabaki sita.

Nimerudia. Sita.

Jumatano, 8 Agosti
Babu hakuacha mjane; aliacha watoto tu, wanaume watatu na mwanamke mmoja. Mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja: jumla saba. Mali hii igawanywe itakavyogawanywa, saba lazima iingie. Karani kaanzia tatu. Wanaume peke yao! Shangazi Kuluthum hayumo — yeye aliyenilea, naye anaishi humo humo shambani.

Na fungu letu limenenepa. Kaka yangu anasema ya nini kuchokonoa. Nimemchukia kutwa nzima.

Alhamisi, 9 Agosti
Ami hakukana. Eti dada yake alisharidhia: siku ya hitima ya babu alisema mbele ya watu fungu lake kawaachia kaka zake.

Nimevuka feri kwenda kumuuliza. Ndiyo, alisema. Alikuwa analia, na dada mwenye adabu angesema nini tena? Alijua atabaki na nyumba yake. Habari ya kuuza hakuambiwa na mtu. Nikamweleza ile namba, na saba, na sita inayobaki. Kanimiminia chai.

Jumatatu, 13 Agosti
Kwa Kadhi, benchi la nje. Ami kaniinamia: nitaulizwa jambo moja tu, hesabu ni sawa au si sawa. Nijibu sawa — si uongo, kila fungu lililoandikwa latimia! Kweli latimia. Hilo ndilo linaloniudhi.

Shangazi kaja, hakuitwa. Kaketi upande wangu wa pili, buibui kavuta hadi puani. Kaninong'oneza nisimtie ami yangu aibu. Haya, nikasema, yamekwisha. Mara kanishika mkono:

"Lakini ile sita iliyobaki, mwanangu, ni ya nani?"

Mlango umefunguliwa. Ami kasimama, anaweka kofia sawa. Wanaita jina langu —