Injini Chini ya Uwele

Jumatatu, 7 Juni 1993

Injini nimeitoa ghalani leo. Miaka kumi na nne chini ya uwele! Niliing'oa garini mwaka ule wa vita, spea hakuna, petroli ya kupimiwa — wenzangu wakauza magari yao kama vyuma chakavu. Mimi nani? Sikuuza. Peugeot 404 yangu ipo uani, kuku wanalala ndani. Sasa mambo ruksa, gasketi zimejaa madukani Dodoma mjini.

Jumamosi mke wangu Germana anakwenda Kibakwe, binti yetu Anjelina kajifungua. Thobias kajileta. Eti Mama Anjelina, pikapu yangu ipo, ya Japani, haitikisi. Huyu ndiye aliyemposa kabla yangu! Nimemjibu mbele ya watu: mke wangu atapanda Peugeot.

Jumatano, 9 Juni

Matundu ya plagi niliyaziba kwa magunzi. Yote! Leo la tatu liko wazi. Germana anasema gunzi alilichukua yeye, zamani, kuzibia kibuyu. Na uwele wetu tunauchanganya na majivu, wadudu wasile. Fundi Petro kachungulia — majivu tupu. Eti mzee, usiizungushe, tufungue kwanza, yatakwangua silinda. Nani kakuuliza? Nimeshika hendeli. Nusu mzunguko. Krrr!

Nimeacha. Si kwa sababu ya Petro.

Alhamisi, 10 Juni

Tumefungua. Majivu, punje, kiota cha panya. Germana kasafisha mwenyewe kwa mafuta ya taa na kipande cha kanga. Mkwaruzo upo, mdogo. Petro anasema si mdogo. Mtoto wa juzi!

Ijumaa, 11 Juni

Imekaa garini! Boliti zote mkono wangu. Kijiji chetu kizima cha Haneti, nani mwingine?

Jumamosi, 12 Juni

Betri imekufa. Hendeli imenipiga mkono, umevimba, naandika kwa tabu. Wanaume sita wamesukuma — mchanga umeshika magurudumu.

Thobias kafika na pikapu. Kacheka weee. "Mzee mwenzangu, nikuvute?" Kamba anayo. Mpya.

Germana keshakaa kiti cha mbele cha Peugeot, kibuyu mapajani. Nimemwambia shuka, kesho itawaka. "Baba Anjelina, nikishuka hapa napanda kule." Mlango kaushika.

Nimesema nafuata spana ndani. Spana ninayo mfukoni; nimekaa naandika. Honi ya pikapu hiyo tena!

Ndoano ya Peugeot iko chini kabisa, mbele. Kufunga kamba ni mpaka upige magoti. Na Thobias kasimama palepale —